Muziki wa Filamu: Nani Anatuambia Tulie?

Katika safu hii tumezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na mashairi. Safari hii tunageukia filamu, na ndani ya filamu tunachagua jambo moja ambalo wahakiki wengi hulipita upesi, nalo ni muziki. Tunauliza maswali mawili. Je, muziki hujengaje hali ya filamu? Na hali hiyo ni ya nani?

Swali la pili lina uzito wake huku kwetu. Chisenga ni kisiwa cha Ziwa Mweru, katika wilaya ya Nchelenge. Lugha ya nyumbani ni Kibemba, na Kiswahili hutujia kutoka ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, pamoja na wafanyabiashara wa samaki. Filamu huja kwa Kiingereza, Kifaransa au Kiswahili cha Dar es Salaam, na mara nyingi baadhi ya watazamaji hawaifuati lugha ya wahusika. Hata hivyo hawapotei. Fidla zikianza kutetemeka kwa sauti ya chini, mtu asiyeelewa neno hata moja husema, "Huyu anakufa sasa hivi." Kwa mtazamaji kama huyo, muziki ndio mkalimani. Na mkalimani akidanganya, anayedanganyika kwanza ni yule asiye na njia nyingine ya kuelewa.

Tuanze na mfano maarufu. Filamu ya Out of Africa ilitoka mwaka 1985, ikiongozwa na Sydney Pollack na kupigwa picha nchini Kenya. Muziki wake ulitungwa na John Barry, naye akapata tuzo ya Oscar kwa kazi hiyo. Tukumbuke sehemu ile ambapo Denys anamrusha Karen kwa ndege ndogo. Maneno karibu hayapo. Fidla nyingi zinapanda polepole, huku chini tukiona mabonde, wanyama na ndege wa ziwani. Kwa ufundi, hatuna la kulalamikia: muziki unapaa pamoja na ndege, na mtazamaji anapaa nao.

Lakini tujiulize tumewekwa wapi. Tumewekwa angani, ndani ya kiti cha Karen. Muziki unatuambia kwamba nchi ile ni nzuri, ni tupu, na itapotea. Itampotea nani? Itampotea yeye. Wakikuyu wanaofanya kazi katika shamba lake la kahawa wana huzuni yao juu ya ardhi hiyo hiyo, na hadithi yenyewe inaligusa jambo hilo, lakini muziki mkuu wa filamu ni wa machozi ya Karen. Mtazamaji wa Kiafrika hujikuta akimlilia mwenye shamba kabla hajapata nafasi ya kuuliza shamba lilikuwa la nani.

Mwongozaji wa Kizambia, Rungano Nyoni, anaonekana kuufahamu vizuri mtego huu. Katika I Am Not a Witch ya mwaka 2017 anasimulia habari za Shula, mtoto wa kike anayeshtakiwa uchawi na kufungwa utepe mweupe ili asitoroke. Filamu inaanza na watalii wanaopelekwa kuwatazama wanawake wanaoitwa wachawi, na tunachosikia ni muziki wa Vivaldi, mtunzi wa Italia wa karne ya 18. Ala ni zile zile za Ulaya, fidla zile zile, lakini kazi imegeuzwa. Hapa muziki hautuingizi ndani ya moyo wa mtalii. Unatufanya tumwangalie yeye, na tuone aibu ya kutazama mateso ya watu kama maonyesho. Kwa hiyo kosa haliko katika fidla. Linategemea muziki umepewa kazi gani.

Njia ya tatu tunaipata Zanzibar. Filamu ya Vuta N'kuvute, iliyoongozwa na Amil Shivji na kutoka mwaka 2021, inatokana na riwaya ya Adam Shafi ambayo wengi wenu mmeisoma darasani. Katika hadithi hiyo Yasmin anaikimbia ndoa asiyoitaka na kupata hifadhi kwa Mwajuma. Humo taarab inaimbwa na wahusika wenyewe, nao wanaisikia kama tunavyoisikia sisi. Hali ya filamu inatoka vinywani mwa watu wa hadithi. Na kwa kuwa taarab ni sanaa ya mafumbo, anayejua Kiswahili husikia mambo mawili, na asiyejua hubaki na sauti tamu tu. Hapo mkalimani anamtumikia mwenye lugha.

Tusidhani pia kwamba kila sauti ina maana moja duniani kote. Mkoa wetu wa Luapula ndio chimbuko la kalindula, muziki uliopata jina kutokana na ala ya besi inayotengenezwa kwa mikono. Mwimbaji P.K. Chishala alisifika kwa nyimbo za kalindula zilizosimulia maisha ya mtu wa kawaida. Mdundo unakuita ucheze, na maneno yanakueleza shida. Msikilizaji wa hapa hucheza na kuhuzunika kwa wakati mmoja wala haoni ajabu. Filamu ikionyesha wavuvi wa Mweru huku filimbi ya polepole ikilia ili tuwahurumie, itakuwa imewapa huzuni ya kuazima na kuwanyang'anya ya kwao.

Tunawahimiza wanafunzi wafanye zoezi hili. Chagueni sehemu moja ya filamu mnayoipenda. Itazameni kwanza bila sauti, mwandike mnachohisi. Itazameni tena pamoja na sauti. Kisha jibuni: Je, wahusika wanausikia muziki huo, au tunausikia sisi peke yetu? Unamhurumia nani? Nani yumo katika picha lakini muziki haumjali? Majibu yenu yaleteni kwa walimu wenu, kwa Kiswahili, yasizidi kurasa mbili.