Quadra 840AV na matundu mawili ya mgongoni

Apple ya miaka ya 1990 husemwa vibaya kwa tabia ya kubuni plagi zake yenyewe pale ambapo wengine wameshakubaliana. Lawama hiyo ina ukweli, ila inaweka katika kapu moja vitu visivyofanana. Macintosh Quadra 840AV, iliyotoka Julai 1993, inafaa kuvitenganisha, kwa kuwa mgongoni mwake yapo matundu mawili yaliyobuniwa kwa akili moja: la mtandao na la maikrofoni. Linalotukanwa zaidi ni la mtandao. Kwa maoni yangu ndilo linalostahili kutetewa.

Tundu hilo huitwa AAUI. Ni mwanya mwembamba wa pini 14, na plagi yake hushikiliwa na vibanio viwili vya ubavuni. Kebo ya mtandao haiingii humo moja kwa moja; lazima kiwepo kisanduku kidogo katikati, transiva, ambacho mnunuzi alikigharamia kando. Leo hilo linaonekana usumbufu mtupu. Lakini AAUI ilianza kuonekana 1991, kwenye Quadra 700 na 900, wakati ambapo Ethernet ya megabiti 10 kwa sekunde ilipita katika kebo za namna tatu. Ilikuwepo koaksia nene kama mpira wa kumwagilia bustani. Ilikuwepo koaksia nyembamba, iliyotoka mashine hadi mashine kwa urefu usiozidi mita 185, kila mwisho umefungwa kizibo cha omu 50. Ikikatika mahali pamoja, mashine zote za mstari ule zinanyamaza. Na zilikuwepo jozi za waya zilizosokotwa, plagi yake ikifanana na ya simu, kila mashine na waya wake hadi kwenye habu. Kiwango chake kilikuwa kimepitishwa 1990 tu. Ndani ya kompyuta kazi ni ileile kwa kebo zote tatu. Kinachotofautiana ni hatua ya mwisho, ya kuzigeuza ishara ziendane na waya uliopo, na hapo ndipo Apple ilipokata. Wala wazo halikuwa lake: Ethernet ilikuwa na tundu la AUI la pini 15 kwa kazi hiyohiyo tangu zamani. Apple ililipunguza umbo, ikashusha umeme wa transiva kutoka volti 12 hadi 5, na kuachana na lile komeo la kuteleza lililojulikana kwa kulegea.

Mtu atauliza: kwa nini isifanywe kama kwenye PC, ambako kadi moja ya mtandao iliweza kubeba matundu yote, la koaksia, la waya wa kusokotwa na la AUI? Swali zuri. Jibu ni kwamba kadi hubadilishwa, ilhali tundu lililochomelewa kwenye bodi mama linakaa na mashine hadi mwisho wake. Ofisi iliyong'oa koaksia na kutandaza waya mpya ilibadilisha kisanduku tu, Quadra ikabaki ilivyo. Gharama ilimwangukia mnunuzi, hilo sikatai. Lakini alijua analipia nini, maana tundu lenyewe lilimkatalia plagi isiyo yake.

Tundu la sauti halikuwa na uungwana huo. Kwa macho ni jeki ya kawaida ya milimita 3.5, yenye alama ya maikrofoni. Maikrofoni ya PlainTalk, iliyokusudiwa utambuzi wa usemi, ina plagi ndefu kuliko kawaida: ncha yake inapenya zaidi hadi kugusa kipande cha ndani kinachotoa volti 5, na umeme huo unaendesha kikuza sauti kilichomo ndani ya maikrofoni yenyewe. Chomeka maikrofoni ya kawaida ya mezani. Inaingia vizuri, inatoa mlio mdogo wa kukaa mahali pake, na kompyuta haisikii chochote cha maana: ncha fupi haifiki kwenye umeme, na tundu linangoja ishara yenye nguvu kama ya redio kaseti.

Kiuhandisi, mpango huo una hoja. Sauti dhaifu inakuzwa karibu na mdomo wa msemaji kabla haijasafiri kwenye waya na kuokota kelele, na deki ya kaseti inaunganishwa kwenye tundu hilohilo bila kifaa cha ziada. Sina ugomvi na saketi. Ugomvi wangu ni na umbo, kwa sababu jeki iliyokuwa mfukoni mwa kila mwenye Walkman ilipewa sharti lisiloonekana, na mtumiaji aliyekosea angeshuku programu, kisha mipangilio, kisha masikio yake, kabla ya kufikiria urefu wa plagi.

Mwaka 1995 Power Macintosh 7500 ilitoka na AAUI pamoja na tundu la waya wa kusokotwa ubavuni mwake, kwani kebo zilikuwa zimeshaamua mshindi. Kufikia Power Macintosh G3 ya 1997, AAUI ilikuwa imeondolewa. Tundu la PlainTalk lilikuwa bado lipo, likipokea plagi fupi bila kulalamika.