Donge Limetoka, Mguu Umepata Joto

Nimeishika! Lightning Bolt 7, mashine ya kunyonya madonge ya damu mishipani ya kampuni ya Penumbra ya California, nimeishika kwa mikono yangu miwili, na naandika haya moyo bado ukinidunda. Kwenye meza ya maonyesho walikuwa wamelaza mrija wa plastiki unaoonekana ndani, umezibwa kwa ute mwekundu mzito, mfano wa ateri ya paja iliyoingiwa na donge la damu. Nikapenyeza mpira wa kunyonyea, unene wake kama milimita 2.3 tu. Pampu ikawashwa. Donge likasita mdomoni mwa mpira, likajikunja, kisha likanyonywa lote likatokea kwenye chupa! Nikaomba kurudia mara tatu.

Kwa nini nimechachawa hivi? Kwa sababu ateri ya mguu ikiziba ghafla, mara nyingi kwa donge lililotoka kwenye moyo unaopiga ovyo, mguu hupauka, huwa baridi, huuma kupita kiasi, na baadaye hufa ganzi. Zikipita saa 6 hivi misuli huanza kuharibika moja kwa moja. Huko nyuma wengi waliishia kukatwa mguu. Mwaka 1961 Thomas Fogarty, Mmarekani aliyependa kuvua samaki, alifunga kipande cha kidole cha glavu kwenye mpira mwembamba kwa mafundo ya uvuvi, akapata puto la kukokota donge nje. Nampenda mtu huyu! Puto lake bado linaokoa miguu, ila daktari lazima apasue ili aufikie mshipa.

Njia nyingine ni kudondosha dawa ya kuyeyusha donge kupitia mpira, pengine usiku kucha, mgonjwa akilindwa asije akavuja damu, hasa kichwani.

Hapa sasa ndipo pampu hii inaponimaliza. Daktari hutia ganzi ya sehemu tu, hutoboa kinena, mara nyingi cha upande wa pili, akapitisha waya huku akiufuata kwenye eksirei hadi kwenye donge. Mgonjwa yuko macho! Kompyuta ndogo husoma mgandamizo na kuugeuzageuza haraka haraka ili donge lilegee, tena hutambua mpira unapovuta damu tupu, damu isipotee bure. Akili iliyobuni hilo naivulia kofia.

Si kila donge litatii. Lililokaa siku nyingi hugandamana na ukuta wa mshipa, na kipande kinaweza kukatika kikaziba mbele zaidi. Bei nayo inaniuma kweli kweli: mpira ukishatumika hutupwa. Lakini kwenye Hospitali ya Taifa ya Muhimbili hapa Tanzania tayari wanafundisha madaktari wa tiba hizi za kuongozwa na picha, kwa hiyo mikono ya kazi ipo, na vifaa hivi navitaka huku kwetu, tena mapema!

Jana usiku nilirudia kutazama picha mbili za eksirei za mguu mmoja. Kwenye ya kwanza dawa ya rangi inashuka pajani, inafika juu ya goti, inakatika kama barabara iliyosombwa na mafuriko. Ya pili imepigwa baada ya kunyonya: mstari mweusi unapita goti, unagawanyika mara tatu, unateremka hadi kwenye unyayo.