Kaburi la Mtungaji na Kitabu Chake

Mtu wa Bariadi akiisha kuuza pamba yake na kulipa madeni, kisha akitaka kusafiri mpaka Tanga aone mahali pa Shaaban Robert, sisi hatumzuii. Kuwaheshimu waliotutangulia ni jambo jema, wala Mkristo hapungukiwi kitu akisimama kwa adabu penye kaburi la Mwislamu aliyeitumikia lugha yetu sote. Ila twapenda kumwuliza neno moja kabla hajalipa nauli: Je, amekwisha kumsoma?

Huko Machui, karibu na Tanga, ndiko mtungaji alikozaliwa mwaka 1909, na huko alizikwa mwaka 1962. Pangani alikuwa karani wa forodha. Mpwapwa alihamishiwa kazi wakati wa Vita Kuu ya Pili. Msafiri atayaona yote haya, lakini asiyemjua mtungaji ataona minazi na vilima tu, akarudi kama alivyokwenda.

Tukifungua kitabu chake Maisha Yangu, kilichotoka mwaka 1949, twaona kwamba mwenyewe hakushughulika sana na sura ya mahali. Hapo twamlaumu kidogo. Msomaji ataka kuiona ofisi, njia na nyumba; yeye upesi humpa maonyo. Lakini linapokuja shairi la kumlilia mkewe Amina, lawama yetu yanyamaza. Vivyo hivyo na tenzi mbili alizowaachia watoto wake, moja kwa binti na moja kwa mwana: ndani yake twamwona baba aliyefiwa, anayelea kwa kalamu. Nyumba hiyo ya maneno haina umbali. Hata Bariadi, penye taa ya jioni, mtu aweza kuingia.

Bwana wetu aliwakemea waliojenga makaburi ya manabii na huku hawakuyashika maneno yao. Tujihadhari tusiwe kama hao kwa watungaji wetu.

Tena liko jambo lililo karibu zaidi. Usukuma nao una watungaji wake, waimbaji wa Bagika na Bagalu, walioshindana kwa ngoma na maneno mbele ya makutano. Ngoma na vyombo vya wazee vimehifadhiwa katika makumbusho ya Bujora, karibu na Mwanza. Lakini nyimbo nyingi za vijijini hazikupigwa chapa. Zimo vifuani mwa wazee, na mzee akizikwa, kitabu chake chazikwa naye. Shaaban Robert aweza kutungojea, maana amechapwa. Hawa hawangojei.

Basi shauri letu ni hili: wewe unayejua kuandika, nunua daftari, ukaketi kwa babu au bibi wa jirani, uandike wimbo mmoja na jina la aliyeutunga. Ziara hiyo haina nauli. Ukiisha, nenda Tanga kwa amani.