Karata ya Sitini na Moja

Kanuni za kawaida za mchezo wa karata wa Magic: The Gathering zinamtaka mchezaji aje mezani na jozi yenye karata zisizopungua 60. Hakuna kinachomkataza kuja na 61, au hata 70. Lakini pita kwenye meza za mashindano makubwa uhesabu: karibu kila fundi ameishia kwenye 60 kamili, na ukimuuliza sababu atakupa hesabu. Karata uitegemeayo kuliko zote unaruhusiwa kuweka nakala 4 tu. Katika jozi ya 60, uwezekano wa kuikuta walau nakala moja kwenye mkono wa kwanza wa karata 7 ni karibu asilimia 40. Ongeza ya 61, uwezekano unashuka hadi asilimia 39.4. Asiyeujua mchezo ataona nusu ya asilimia si kitu. Fundi anaona ameitoa bure, kwa sababu tu alishindwa kuamua ipi itoke.

Hapo ndipo ninapouheshimu ufundi huu. Mchezo ulibuniwa na Richard Garfield, mwanahisabati wa Kimarekani, ukatolewa na kampuni ya Wizards of the Coast mwaka 1993. Leo una aina za karata zaidi ya 20,000. Hakuna anayegawiwa karata kama katika michezo yetu ya barazani. Kila mtu huja na jozi aliyoiunda mwenyewe, na sehemu kubwa ya ushindi au ya kushindwa huwa imeshaamuliwa nyumbani, juu ya meza iliyojaa vikaratasi vya hesabu. Kila mmoja anaanza na pointi 20 za uhai. Ili kushusha karata unalipa mana, yaani nguvu ya kuichezea, na mana hutoka hasa kwenye karata za ardhi, ambazo kwa kawaida unaruhusiwa kuweka moja tu kwa zamu.

Karata za ardhi hazina mvuto wowote. Hakuna mtoto anayefungua pakiti mpya akashangilia ardhi. Ila fundi huanza nazo, kama mcheza bao anayezihesabu kete kabla hajatia mkono shimoni. Tuseme ameweka ardhi 24 kati ya 60, idadi ya kawaida kabisa. Katika mikono saba ya kwanza, takriban mmoja utakuwa na ardhi moja au usiwe nayo kabisa, na mkono wa namna hiyo mara nyingi haufai kushikwa. Akiongeza ardhi, hatari hiyo inapungua, lakini baadaye atakuwa anavuta ardhi wakati anahitaji silaha. Kisha zinakuja rangi. Karata nyekundu inataka mana nyekundu, na aliyeamua kuchanganya rangi mbili sharti ajue ni ardhi ngapi zitoe ipi. Ardhi 8 zenye kutoa nyekundu zinakupa walau moja mkononi mwanzoni kwa asilimia 65 hivi. 14 zinakufikisha asilimia 86. Mholanzi Frank Karsten, bingwa wa mchezo huu na mwanahisabati, amelifanyia kazi swali hilo kwa miaka, akatengeneza majedwali yanayomwambia mwundaji anahitaji vyanzo vingapi vya rangi ili karata fulani ishuke kwenye zamu fulani. Yale majedwali nayahesabu miongoni mwa zawadi kubwa ambazo wachezaji wamepewa. Yamewaokoa wengi na tamaa ya rangi ya tatu.

Lakini kama ningetakiwa kuonyesha jozi moja tu ili mtu auelewe uzuri wa kazi hii, ningeonyesha ile ya Atlanta. Mwaka 1996, katika mashindano ya mchujo mjini humo, Paul Sligh alikaa na jozi nyekundu iliyobuniwa na Jay Schneider. Mtu mwenye kujua thamani ya karata angeitazama akatikisa kichwa. Ndani yake mlikuwa na Ironclaw Orcs, kiumbe wa mana mbili asiyeweza kumzuia adui yeyote mwenye nguvu ya 2 au zaidi. Mlikuwa na Brass Man, anayeshuka kwa mana moja lakini akishatumika hubaki amelala mpaka ulipe mana nyingine. Karata hizi watu walikuwa wakiziacha chini ya sanduku. Kando yake zilikuwapo chache zilizotamaniwa na kila mtu, kama Lightning Bolt, ambayo kwa mana moja humpunguzia mpinzani pointi 3.

Schneider hakutazama uzuri wa karata mojamoja. Alitazama gharama na mpangilio wake. Zamu ya kwanza una ardhi moja, ya pili mbili, ya tatu tatu, ya nne nne. Zikija kwa utaratibu, jumla ni mana 10 katika zamu nne. Mana isiyotumika haiwekwi akiba. Mwenye jozi iliyojaa majoka ya mana tano na sita, akikaa zamu mbili za mwanzo bila cha kushusha, ameshapoteza 3 katika zile 10 kabla mapambano hayajapamba moto. Jozi ya Schneider ilipangwa ili kila zamu mana yote iliwe: za mana moja nyingi, za mbili nyingi pia, kisha zinapungua kadiri gharama inavyopanda.

Sasa warudie wale Orcs. Kutoweza kuzuia ni kasoro kwa anayetaka kujilinda. Jozi ile haikukusudiwa kujilinda hata zamu moja. Ilishambulia tangu mwanzo hadi mwisho. Basi kasoro ile ikawa deni lisilodaiwa, na kilichobaki ni kiumbe mwenye nguvu 2 kwa mana mbili, kwenye zamu ya pili, pale hasa alipohitajika. Kuitazama karata dhaifu ukatambua kwamba udhaifu wake uko mahali ambapo wewe hupiti, hiyo kwangu ni akili ya hali ya juu. Mtindo ule umebaki na jina la Sligh, na kila nikiutaja napenda Schneider atajwe pamoja naye.

Miaka hiyohiyo Mmarekani mwingine, Brian Weissman, alikwenda upande wa pili kabisa. Jozi yake ilijulikana kwa jina la The Deck, na viumbe wa kumalizia kazi walikuwa Serra Angel wawili tu. Karata nyingine zote zilikuwa za kuzuia, kuharibu, na kuvuta karata zaidi. Mpinzani aliyejaza karata za kuua viumbe alizikumbatia mkononi bila kazi, kwa kuwa karibu hapakuwa na wa kuuawa, na kila karata iliyokwama hivyo ilikuwa faida kwa Weissman bila ya yeye kuinua kidole. Mwaka 1999 Mike Flores aliandika makala, Who's the Beatdown?, akieleza kwamba jozi mbili zinapokutana lazima mmoja awe mshambuliaji na mwingine mwenye kusubiri, na anayekosea nafasi yake hushindwa. Kwa mwundaji somo ni kwamba jozi ileile moja itashambulia leo na kusubiri kesho, kulingana na nani kakaa mbele yake.

Baada ya kuunda kunakuja kunoa, na hapa wengi huchoka. Karata huchanganywa, bahati huingia, na michezo kumi haitoshi kukuambia kitu. Fundi mwenye subira hubadilisha karata moja au mbili, si kumi, kisha anacheza tena na tena dhidi ya jozi anazotarajia kukutana nazo, hata zile asizozipenda. Anajiuliza: ipi ilikaa mkononi bila kufaa? Ipi niliitamani haikuja? Huandika majibu, aliposhinda na aliposhindwa, maana ushindi nao huficha karata mbovu. Polepole nakala 4 zinakuwa 3, kwa karata iliyo nzuri ikija peke yake na mzigo zikija mbili. Hata inayopendwa zaidi huondolewa ikibidi. Wengine hunakili orodha za mabingwa, na si aibu. Aibu ni kunakili bila kuuliza kwa nini hii ni 3 na si 4, na orodha ile iliundwa kuwakabili wapinzani gani.

Sehemu inayodharauliwa kuliko zote ni karata 15 za akiba. Mechi ni ya michezo mitatu, mwenye kushinda miwili ndiye mshindi, na mchezo wa kwanza pekee ndio unaochezwa na jozi ya awali. Baada ya hapo mtu anaruhusiwa kubadilisha karata kwa kuingiza zile za akiba, kwa hiyo nusu ya michezo yako au zaidi utaicheza na jozi ambayo pengine hukuifikiria vya kutosha. Mgeni huzijaza zile 15 kwa karata kali dhidi ya kila adui, kisha mezani hajui atoe nini. Fundi huanza na zinazotoka. Kwa kila mpinzani anayemtarajia anaandika 60 anazotaka kuwa nazo baada ya mabadiliko. Akikuta amepanga kuingiza saba dhidi ya jozi ya viumbe wengi, na zinazostahili kutoka ni nne tu, basi tatu kati ya zile 15 hazina pa kukaa, na nafasi hizo anazihamishia kwa mpinzani ambaye bado hajapatiwa dawa.