Futa Diski Yote

Kosa la mafundi wetu si Linux. Nalisema mapema ili wanaosubiri kusikia kwamba Linux ni ya wataalamu peke yao wakunje jamvi. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 Oktoba 14, 2025, na kompyuta yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha sita haimo kwenye orodha ya Windows 11, hata ikiwa inapiga kazi vizuri katika steshenari ya Msamvu, Morogoro. Fundi anayeihamishia Linux Mint anainusuru na jalala. Toleo anachagua sahihi, nyaraka ananakili salama. Anaharibu kwenye skrini moja tu.

Mnaijua skrini hiyo. Kisakinishi kikiikuta Windows, chaguo la kwanza kinalotoa ni kuiweka Linux kando yake, kila moja na sehemu yake ya diski. Chini yake lipo la kufuta diski yote. Fundi wetu anashusha kipanya, anabofya la pili, anathibitisha, anakwenda kunywa chai. Huo ni mkono uliozoea kupiga window: mashine imekuwa nzito, fomati, piga upya, weka Office ya kukraki, chukua hela. Zamani mazoea hayo hayakuumiza sana, maana iliyofutwa ni Windows na iliyorudi ni Windows, na programu zilirudi kutoka flashi ya fundi. Safari hii hazirudi. Fungua makabrasha ya steshenari uone: kadi za mchango wa harusi, ratiba za mazishi, vyeti vya chekechea, vyote faili za Publisher. LibreOffice Draw inazifungua, lakini visanduku vya maandishi vinahama na picha ya bwana harusi inakaa juu ya jina la ukumbi. Barua ya kawaida haivunjiki, kwa kuwa Calibri inapokosekana huingia Carlito yenye herufi za upana uleule. Fonti za mapambo hazina ndugu wa namna hiyo. Kisha inakuja printa. Canon LBP2900 inadai draiva ya CAPT, na kuikalisha draiva hiyo kwenye Linux ni kesi ya siku nzima, huku mteja amesimama kaunta na harusi ni Jumamosi. Kibaya zaidi, Microsoft yenyewe imetangaza kuistaafisha Publisher Oktoba 2026, kwa hiyo kadi zote zilipaswa kugeuzwa PDF mapema, na wa kuzigeuza bila kuziharibu ni Publisher ileile iliyofutwa wakati wa chai.

Mtafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) anayepanda milima ya Uluguru na GPS ya Garmin yuko kwenye mtego huohuo. BaseCamp, programu ya Garmin, haina toleo la Linux, na hesabu za miaka iliyopita zimelala ndani ya programu ya takwimu ya GenStat, ile ya Discovery iliyotolewa bure kwa watafiti wa nchi zinazoendelea, nayo ni ya Windows. Mbadala upo tena imara: QGIS inasoma GPX moja kwa moja, R inakokotoa. Ila namba za zamani zinataka kupitishwa kwenye GenStat na kwenye R na kulinganishwa, na diski iliyofutwa haina GenStat tena.

Wakubwa waliotutangulia walijua kutofuta cha zamani kabla cha kipya hakijazoeleka. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na Waswidi wa IT+46, ulitoa Jambo OpenOffice, yaani OpenOffice ya Kiswahili, mwaka 2004, na ikafanya kazi kwenye Linux na kwenye Windows pia, ili karani ajifunze programu mpya juu ya mashine anayoijua. Polisi wa Gendarmerie nchini Ufaransa walianza na OpenOffice mwaka 2005, wakafuata na Firefox, na Ubuntu ikaja 2008. Walihamisha mikono ya watu kwanza, mashine baadaye. Sisi tuliokuwa na Jambo kabla yao tunafanya kinyume.

Nitaambiwa mtu akiachiwa Windows hatajifunza. Huenda, lakini asiyeweza kuchapa kadi leo hajifunzi chochote, anarudi kwa fundi mwingine apigiwe window tena, na Linux inabaki na jina baya. Nitaambiwa Windows 10 isiyo na masasisho ni hatari. Ni kweli, ndiyo maana Microsoft imeongeza mwaka mmoja wa masasisho ya usalama kwa anayejiandikisha, hadi Oktoba 13, 2026, na hata baada ya hapo Windows ya kufungulia Publisher tu inaweza kukaa bila intaneti. Haraka ilitoka wapi?

Hoja pekee yenye uzito ni ya nafasi: diski ya GB 128 haibebi mifumo miwili na picha za harusi za miaka mitano. Basi Mint iendeshwe kutoka kwenye flashi kwanza, maana inawaka na kufanya kazi bila kugusa diski. Fungua kadi tatu za Publisher, weka draiva, chapa ukurasa. Karatasi ikitoka, endelea. Isipotoka, chomoa flashi, washa upya. Windows ipo palepale na kadi za Jumamosi zinachapwa.