Pongezi kwa Mchoraji Aliyejua Kurudi

Sisi wa Masisi na Walikale tumezoea mgeni anayepiga picha moja, akaondoka, asionekane tena. Ndiyo maana nampongeza Irma Stern, mchoraji wa Afrika Kusini: yeye alikuwa mtu wa kurudi. Zanzibar alikwenda mwaka 1939, akaenda tena 1945. Kongo yetu aliifikia 1942, akarudi 1946. Safari hizo zilizaa vitabu viwili, Congo (1943) na Zanzibar (1948).

Zisogelee picha zake za Unguja. Rangi ya mafuta imepakwa nzito hata imeinuka kama udongo wa ukutani. Baadhi ya fremu ni mbao za milango ya Kizanzibari, nakshi zake zikimzunguka mzee mwenye kilemba.

Jicho la mara ya kwanza huona ugeni. La mara ya pili humwona mtu. Hilo ndilo somo lake.

Vijana wetu wenye brashi, msingoje mgeni. Milima ya Masisi, misitu ya Walikale na ufuko wa Sake ziwani Kivu ni vyenu. Nendeni mkachore, kisha mrudi tena.