Mnofu Usio na Kichwa

Katika viwanda vya minofu ya samaki vya Mwanza, sangara huingia mzima na kutoka akiwa amegawanyika njia mbili. Mnofu mweupe, ukishatolewa ngozi na miiba, hupangwa kwenye maboksi na kusafirishwa Ulaya. Kichwa na mifupa, yaani mapanki, hubaki kuuzwa mitaani. Wakenya wa ng'ambo ya Ziwa Viktoria huyaita mgongo wazi. Anayenunua mapanki ana bahati asiyoitambua: akitazama taya na jicho, anamjua samaki wake. Anayenunua mnofu Madrid hana cha kutazama zaidi ya jina lililobandikwa. Jina hilo limewahi kudanganya. Hispania, sangara aliuzwa kwa jina la chewa, samaki wa baharini mwenye bei kubwa zaidi, hata watafiti wa huko wakatengeneza vipimo maalumu vya kuwatenganisha.

Kazi ya kuurudishia mnofu jina lake inapendeza kuitazama tangu mkato wa kwanza. Mtaalamu wa maabara hagusi uso wa mnofu. Anajua umelazwa barafuni pamoja na samaki wengine, umepita kwenye ubao na kisu kilichokwisha kukata wenzake, kwa hiyo juu yake pana vinasaba vya wageni. Hubandua tabaka la nje, akabadilisha wembe, akakata ndani. Miligramu 20 hivi zinamtosha. Kipande hicho hukitia kwenye kijichupa chenye kimeng'enya kinachoyeyusha protini, akakiacha kwenye joto la nyuzi 56 kwa saa kadhaa, pengine usiku kucha. Nyama huyeyuka kabisa. Kisha kimiminika huoshwa na kuchujwa hatua kwa hatua mpaka mafuta na chumvi viondoke na vinasaba vibaki.

Ndani ya vinasaba hivyo hatafuti kila kitu. Anatafuta sehemu fupi ya jeni moja iliyomo kwenye mitokondria, vile viwanda vidogo vya nishati vya seli. Seli moja huwa na nakala mamia au maelfu ya jeni hiyo, ndiyo maana hata mnofu uliokaangwa au kufukizwa moshi mara nyingi bado huwa na nakala za kusomwa. Mwaka 2003, Paul Hebert na wenzake wa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada, walipendekeza kipande hicho chenye herufi za kinasaba 650 hivi kiwe kitambulisho cha spishi za wanyama. Mwaka 2005, Robert Ward na wenzake wa Australia wakakijaribu kwa spishi 207 za samaki. Samaki wa spishi moja walitofautiana kwa wastani wa asilimia 0.39, yaani herufi mbili au tatu tu. Spishi mbili za jenasi moja zilitofautiana kwa karibu asilimia 10, herufi zaidi ya 60. Ufundi wote umesimama kwenye pengo hilo: ndugu wanafanana mno, na majirani wanatofautiana vya kutosha.

Kipande kikishachaguliwa, hurudufishwa kwenye mashine inayopanda joto na kushuka, nyuzi 95, kisha 50 na kitu, kisha 72, mara 30 au 35. Kila mzunguko huzidisha nakala karibu mara mbili, na baada ya mizunguko 30 nakala moja inaweza kuwa bilioni. Uwezo huo huo ni hatari, kwa sababu chembe ya samaki wa jana iliyodondoka kwenye glavu nayo itazidishwa kuwa bilioni. Kwa hiyo katika kila safari ya mashine mtaalamu hutia kijichupa kimoja chenye maji matupu badala ya vinasaba, pamoja na dawa zile zile za kurudufisha. Kijichupa hicho kikitoa chochote, uchafu umeingia, na kazi yote ya siku hiyo hutupwa. Ndicho ninachokihusudu kuliko vyote: kipimo kinachowekwa kwa matumaini kwamba hakitaonyesha kitu.

Mwishoni nakala hizo husomwa kwa mashine, na herufi zake hujitokeza kwenye skrini kama vilima vya rangi nne. Vilima vikiwa virefu na vimetengana, msomaji husoma. Viwili vikipandana mahali pamoja, hushuku kwamba samaki wawili wamechanganyika, akarudi mezani kuanza upya.

Lakini mfuatano wa herufi peke yake hauna jina. Hulinganishwa na maktaba ya mifuatano, na nyuma ya kila jina katika maktaba nzuri pana mtu aliyeshika samaki mzima, akahesabu miiba ya mapezi na magamba ya ubavuni, akampiga picha, akamhifadhi kwenye jumba la makumbusho ili wengine waje kumkagua. Mtu huyo akikosea jina, mashine zote zitakariri kosa lake kwa usahihi mkubwa.

Matunda ya subira hiyo yanaonekana. Mwaka 2008 wasichana wawili wa sekondari jijini New York walikusanya vipande vya samaki kutoka mikahawa na maduka, wakavipeleka Guelph. Karibu robo ya vilivyotambulika vilikuwa na jina lisilo lake. Dublin, utafiti uliochapishwa 2010 ulipata kiasi hicho hicho cha robo katika bidhaa 156, na walioongoza kwa udanganyifu walikuwa samaki wa kufukizwa, ambao moshi na rangi vimeficha sura yao. Na Chicago, mwaka 2007, watu wawili waliugua baada ya kunywa supu ya samaki aliyeuzwa kwa jina la samaki asiye na sumu. Uchunguzi ukaonyesha kuwa ni bunju, na sumu ya bunju haiondoki kwa kupikwa.

Fundi mzuri anajua pia pa kunyamaza. Mitokondria hurithiwa kwa mama, hivyo chotara atasomeka kama mama yake tu. Baadhi ya jodari wanatofautiana kwa herufi chache mno, na joto la kutengeneza makopo huvikatakata vinasaba vyao, ikabidi kutafuta vipande vifupi zaidi au jeni nyingine. Kipimo hiki hakisemi samaki alifugwa au alivuliwa baharini, wala hakisemi nani alibadilisha jina, au kama alikusudia. Kinasema huyu ni nani, basi.

Jibu hilo fupi lina uzito zaidi ya bei ya sahani moja. Sangara akiuzwa kama chewa, mlaji aliyefurahia anamsifu samaki ambaye hakumla, na wavuvi wa Ziwa Viktoria hawapati sifa ya kilichotoka kwenye nyavu zao. Wakati huo huo chewa wa Mediterania, aliyevuliwa kupita kiasi, anaonekana yupo tele kwa kuwa jina lake halikosekani sokoni. Watu hawawezi kuhurumia samaki wanayemwona kila Ijumaa kwenye orodha ya vyakula.